Unasafiri ng'ambo? Punguza mzigo, usipunguze dawa

Na Daktari Wetu

MAMA mmoja wa miaka 67, ambaye nimemtibu kisukari na shinikizo la damu kwa muda mrefu, alipanda ndege jijini Nairobi mwezi wa Januari kwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa Minnesota, Marekani. Sanduku lilipopimwa nyumbani lilikuwa na kilo 27, na shirika la ndege lilikuwa limeruhusu kilo 23. Usiku wa kuamkia safari watu wa nyumbani walitoa hiki na kile hadi kilo zikatosha. Vilivyobaki sandukuni ni unga wa wimbi, omena, majani chai, vikoi viwili, kanga za mzazi na, katikati ya kanga hizo ili zisivunjike, chupa zake zote za insulini.

Ndege ya kwanza ilichelewa kufika Ulaya. Mama aliwahi ndege ya pili kwa kukimbizwa, lakini sanduku halikuwahi. Kila asubuhi bintiye alimuuliza, "Mama, hujambo?" Naye akajibu, "Sijambo, ni uchovu wa ndege tu." Hakutaka kumsumbua mzazi mwenye mtoto wa siku tisa kwa habari za sindano. Siku ya tatu alianza kutapika na kwenda haja ndogo kila saa. Siku ya nne hakuweza kuamka, ikabidi ambulensi iitwe.

Binti aliponipigia simu kutoka hospitalini aliniambia sukari ya mama ilikuwa 612. Nilidhani amesoma vibaya, kwa kuwa mashine zetu hapa hazina nambari kama hiyo. Kisha nikakumbuka kugawanya kwa 18, nikapata 34. Mtu mzima asiye na kisukari, akiwa hajala kitu, huwa chini ya 6.

Mama alipona, ingawa deni la hospitali bado linalipwa kidogo kidogo. Nami nina sehemu yangu katika mkasa huo. Siku alipokuja kuchukua dawa za safari nilimwandikia zote, nikampima, nikamtakia safari njema, lakini sikumuuliza atazibeba wapi. Tangu siku hiyo namuuliza kila mgonjwa anayesafiri.

DAWA HUKAA MKONONI

Basi, msomaji, kama una maradhi yanayohitaji dawa kila siku, dawa hizo zikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, zisikae sandukuni. Sanduku linaweza kupotea au kuchelewa, lakini kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Katika sehemu ya ndege yanakowekwa masanduku, baridi inaweza kugandisha insulini, na insulini iliyoganda huharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Haihitaji barafu pia. Chupa au kalamu unayoitumia huweza kukaa takribani wiki nne katika joto la kawaida la chumba. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi ujue muda wa aina yako. Ukiibeba pamoja na pakiti ya baridi, ifunge kwa kitambaa kwanza isigusane nayo.

Sheria ya kutopita na vitu vya majimaji zaidi ya mililita 100, ambayo viwanja vingi vya ndege vimeifuata tangu 2006, kwa kawaida haizuii dawa unazozihitaji safarini. Hata hivyo unapaswa kumwonyesha mkaguzi, na uwe na barua ya daktari. Iandikwe kwa Kiingereza, itaje ugonjwa wako, majina halisi ya dawa wala si majina ya kibiashara peke yake, na kiasi unachotumia. Ikiwa unatumia sindano, barua izitaje pia.

Hapa kwetu tuna tabia ya kumpa mgonjwa tembe ndani ya kibahasha kilichoandikwa "1 x 2" kwa kalamu. Nyumbani kibahasha hicho hakina taabu, lakini mbele ya afisa wa forodha ni tembe nyeupe zisizojulikana. Muulize mwenye duka la dawa akupe dawa zikiwa ndani ya boksi lake, na lebo yenye jina lako. Beba za muda wote utakaokaa na za wiki mbili zaidi. Ikiwa muda ni mrefu mno, uliza mapema masharti ya nchi unakokwenda. Kwa Marekani, kwa mfano, kiasi kinachokubaliwa kwa kawaida kwa matumizi ya mtu binafsi ni cha miezi mitatu.

Neno kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Nimeona watu waliomwaga tembe kwenye chupa ya vitamini, na wengine walioziacha Nairobi, kwa kuogopa maswali ya jamaa au ya maafisa. Kuziacha kwa mwezi mmoja kunaweza kuvipa virusi nafasi ya kuzoea dawa. Ni kweli kwamba nchi kadhaa za Ghuba hazimpi kibali cha kazi au cha ukaazi mtu mwenye virusi hivyo, na anayekwenda huko kikazi ni lazima alijue hilo kabla ya kumlipa wakala hata senti moja. Lakini anayekwenda kwa ziara fupi Ulaya au Marekani hana sababu ya kuacha dawa zake. Zungumza na kliniki yako mapema mpange jinsi ya kuzibeba.

KILO 23

Mashirika mengi ya ndege humruhusu msafiri wa daraja la kawaida sanduku la kilo 23, na mkoba wa mkononi wa kati ya kilo 7 na 12. Katika hesabu hiyo familia nyingi huanza na zawadi, zikafuata nguo, na dawa hutafutiwa nafasi mwishoni. Mimi nasema mkoba wa mkononi ujazwe kwanza: dawa, miwani, meno ya bandia ikiwa unayo, mashine ya kupimia sukari au presha, barua ya daktari, bima, nguo ya kubadilisha, na karatasi yenye nambari ya simu na anwani ya unakokwenda. Simu huzimika, karatasi haizimiki. Baada ya hapo ndipo sanduku lifunguliwe.

Koti la baridi liache. Wazee hupelekwa Gikomba kununuliwa koti zito la kilo tatu ambalo yamkini lilitoka huko huko wanakokwenda. Vaa sweta moja nzuri ndani ya ndege, na mwenyeji wako aje kukupokea uwanjani na koti na viatu visivyoteleza. Barafu ya kandokando ya njia imevunja nyonga za wazee wengi, na soli laini ya kiatu cha kanisani haifai kabisa.

Nyama iliyokaushwa, nyirinyiri na mursik pia viache. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza haziruhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu, na Marekani ni kali vivyo hivyo. Masharti ya samaki ni mepesi zaidi, lakini Marekani unatakiwa kukitaja katika forodha kila chakula ulichobeba, hata omena. Anayetaja akakataliwa hunyang'anywa tu, lakini anayeficha hutozwa faini. Na zile odowa ambazo dada mjamzito aliyeko ng'ambo anaagiza kila mara, tafadhali usimpelekee. Ni udongo, huweza kuwa na madini ya risasi yanayomdhuru mtoto tumboni, na kinachofaa kwa hamu hiyo ni kumpima damu.

Kuhusu kifurushi cha jirani ambacho "ni kidogo tu, mtu atakungoja uwanjani", sina mengi ya kusema. Usikibebe.

Sanduku zito ni jambo la afya pia. Mzee mwenye magoti mabovu, mshipa wa ngiri au moyo dhaifu hapaswi kuinua kilo 23 kutoka kwenye ukanda wa mizigo. Viti vya magurudumu hutolewa bila malipo uwanjani ukiomba mapema, vyema saa 48 kabla ya safari. Wazee wengi huvikataa kwa sababu wanadhani vina malipo, au wanaona haya kusukumwa kama mgonjwa. Mwambie mzee wako kwamba kutoka lango moja hadi jingine katika viwanja vikubwa vya Ulaya ni mwendo mrefu, na mwenye kiti hupitishwa mbele ya foleni. Hoja hii ya mwisho huwashawishi wengi.

NDANI YA NDEGE

Kukaa kitako saa nyingi hufanya damu itembee polepole miguuni, na wakati mwingine huganda. Bonge hilo likikatika hupanda hadi mapafuni, na linaweza kuua. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2007 ulikadiria kwamba, katika safari ya zaidi ya saa nne, hatari hiyo humpata takribani mtu mmoja kati ya 6,000 walio na afya njema. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York ni kama saa 15. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mjamzito, mnene kupita kiasi au aliyewahi kuganda damu yumo hatarini zaidi, naye amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Wengine wasimame na kutembea, wakunje na kukunjua vifundo vya miguu na kunywa maji. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma baada ya safari, au ukikosa pumzi ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wanaoacha tembe ya presha inayokojoza ili wasisumbue jirani wa kiti wakienda msalani. Omba kiti cha pembeni, umeze dawa yako.

SAA NA VIPIMO

Wakati wa kipupwe Minnesota iko nyuma ya Nairobi kwa saa tisa. Maana yake ni kwamba siku ya safari yako itakuwa na saa 33. Ikiwa insulini yako hufanya kazi kwa saa 24, na unangoja saa yako ya kawaida kwa hesabu ya huko, utakaa saa tisa bila kinga. Ukisafiri kwenda mashariki siku hufupika, na hatari ni kudunga mbili zikakaribiana. Uingereza au India tofauti ni saa mbili au tatu tu, na kwa kawaida hakuna la kubadilisha. Kwa Amerika muulize daktari wako akuandikie ratiba ya siku hiyo moja. Saa ya mkononi iache katika saa za Nairobi mpaka utakapofika.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mjukuu aliyezaliwa ng'ambo, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, husoma kwenye boksi kwamba dawa inywewe saa 8 ya Kizungu, akamwambia nyanya, "Kunywa saa nane." Nyanya anatii, anakunywa saa nane yetu, yaani saa sita baadaye. Iandike ratiba kwa maneno: baada ya staftahi, kabla ya kulala.

Vipimo navyo hutofautiana. Sisi, kama Waingereza, tunapima sukari kwa milimoli, ilhali Marekani na India hutumia miligramu. Gawanya nambari yao kwa 18. Kwa hiyo 126 yao ni 7 yetu, na 180 ni 10. Joto la mwili la Wamarekani ni la Farenhaiti: 98.6 ni ile 37 yetu ya kawaida, na 100.4 ni 38, yaani homa.

Hata majina ya dawa hubadilika. Parasetamoli yetu huko Marekani huitwa acetaminophen. Mgonjwa humeza za kwetu mbili, akaongeza za kwao mbili kwa kudhani ni dawa tofauti, na kwa siku akapita gramu nne, kiwango cha kuliharibu ini. Salbutamol ya wenye pumu ni albuterol, na glibenclamide ya kisukari ni glyburide.

"SIJAMBO"

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo halipimwi kwa kilo, nalo lilikaribia kumwua mama yule kuliko sanduku lililopotea.

Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa mahututi. Ni adabu. Mgonjwa wangu huingia akichechemea, akakaa, akasema "Sijambo, daktari", kisha baada ya habari za nyumbani akaongeza "ila". Daktari wa hapa anajua kungoja ile "ila". Daktari wa London au Chicago haijui. Anauliza hujambo, unajibu vizuri, naye anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anajisikia vizuri. Pengine ana dakika kumi za kukuona. Basi anza na lililokuleta: linauma wapi, tangu lini, na limezidi vipi.

Atakuuliza pia maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Wazee wetu, hasa wa kiume, husema mbili kwa jambo ambalo mtu wa huko angelipa tisa. Hakuna sifa ya ushujaa hapo, kwa maana nambari hiyo ndiyo inayoamua upewe dawa gani na uangaliwe upesi kiasi gani. Vivyo hivyo neno "malaria". Tunalitumia kwa homa yoyote, uchovu wowote. Ukimwambia daktari wa huko kwamba ulikuwa na malaria mwezi jana, ataamini, na huenda akaacha kutafuta ugonjwa halisi. Mweleze dalili, kisha umwambie kama ulipimwa damu au la.

Wengi wetu tumefunzwa kutomkazia macho mkubwa anapozungumza. Huko kutazama chini kunaweza kufasiriwa kuwa unaficha jambo, au una huzuni ya moyo. Huna haja ya kujigeuza mtu mwingine, lakini lijue. Na usikubali kwa "ndiyo, ndiyo" kitu usichokielewa. Kwetu "ndiyo" ni njia ya kumpa heshima anayesema, lakini wao huihesabu kuwa ni idhini.

Kuna mambo mengine yatakayokushtua. Daktari kijana atamwita mzee wa miaka 70 kwa jina lake la kwanza. Atamuuliza anakunywa pombe kiasi gani na kama bado analala na mkewe. Muuguzi wa Marekani anaweza kumuuliza nyanya faraghani kama kuna mtu anayempiga nyumbani. Hayo huulizwa kila mtu, si wewe tu. Na ikipatikana saratani, utaambiwa wewe mwenyewe, waziwazi, mara nyingi kabla ya wanao kujua. Hapa kwetu familia hutujia mlangoni kutusihi tusimwambie mzee. Huko daktari haruhusiwi kuzungumza na mwanao bila ridhaa yako. Ukipenda mwanao awepo, sema mapema, litaandikwa. Mimi binafsi naona desturi yao ya kumwambia mgonjwa ina haki kuliko yetu, ingawa namna wanavyoisema huwa kavu mno.

Ikiwa Kiingereza chako hakitoshi, omba mkalimani. Hospitali nyingi kubwa za Uingereza na Marekani humpata mkalimani wa Kiswahili kwa simu bila kumtoza mgonjwa. Usimtumie mjukuu wa miaka kumi kueleza maradhi ya tumbo la uzazi. Mtoto ataona haya, nawe utaacha nusu ya maelezo. Mwanamke anayetaka kukaguliwa na daktari wa kike pia aombe. Mara nyingi atapata, isipokuwa wakati wa dharura.

NYANYA NA KICHANGA

Kwa kuwa safari nyingi za wazazi wetu ni za kwenda kulea wazazi, niseme machache kuhusu nyumba wanazofikia. Nimesikia ugomvi mkubwa kati ya mama na binti kwa sababu ya jinsi mtoto alivyolazwa. Nyanya humlaza kifudifudi ili asipaliwe, akamfunika blanketi mbili. Wauguzi wa Marekani wamewafundisha wazazi tangu 1994 kumlaza mtoto chali, kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi zilizolegea, kwa sababu vifo vya ghafla vya vichanga hupungua. Katika hili nyanya akubali. Wala si desturi ya Kizungu tu, kwani nami huwashauri hivyo wazazi wa Nairobi.

Mtoto hasafiri ndani ya gari akiwa mapajani. Hufungwa katika kiti chake tangu siku ya kutoka hospitalini, na ni sheria. Maji, glukosi na dawa za kuondoa gesi hapewi kabla ya miezi sita ila daktari aseme. Lakini yako mengi ambayo nyanya anayajua kuliko vitabu vya bintiye: jinsi ya kumkanda mzazi, jinsi ya kumshikisha mtoto ziwa, uji wa wimbi, na kumwacha mama mtu alale mchana. Hayo ayafanye kwa raha zake. Chapati tu ziangaliwe. Vyombo vya kuhisi moshi huko hulia kwa chapati ya kwanza, na zimamoto huja kweli.

Kumchapa mjukuu mkubwa usijaribu. Kofi ambalo hapa lingesahaulika kabla ya chakula cha jioni linaweza kuwaleta maafisa wa ustawi wa watoto mlangoni kwa mwanao.

GHUBA NA INDIA

Katika Falme za Kiarabu baadhi ya dawa ambazo hapa tunazichukulia kuwa za kawaida hulindwa kwa sheria kali. Codeine, iliyomo katika dawa kadhaa za kichwa na kikohozi zinazouzwa madukani mwetu, tramadol ya maumivu ya mgongo na diazepam ya usingizi zinahitaji kibali kabla ya kuingia. Soma boksi lako leo. Kama mojawapo imo, mwombe daktari akubadilishie. Na mzee wa Meru akague mifuko ya koti lake. Miraa ni dawa ya kulevya huko, Saudi Arabia, Marekani, na Uingereza pia tangu Juni 2014. Mahujaji wanapaswa kuchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo angalau siku kumi kabla ya kufika Saudi Arabia.

India, wanakokwenda wagonjwa wetu wengi, husisitiza cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya. Asiye nacho anaweza kutengwa hadi siku sita. Chanjo moja hutosha maisha yote tangu kanuni ilipobadilishwa Julai 2016, na cheti huanza kufaa siku kumi baada ya kudungwa. Aliyepita miaka 60, au mwenye kinga dhaifu, amwone daktari kwanza, kwa kuwa chanjo hiyo ina hatari zaidi kwake, na anaweza kupewa barua ya kumsamehe. Wanaonunua kadi bila kuchanjwa wanajidanganya wenyewe, kwa maana mbu hasomi kadi.

Hospitali za India hutarajia mgonjwa awe na mtu wa kukaa naye, na serikali huruhusu hadi watu wawili wa kumsindikiza kwa viza yao. Msindikizaji awe mtu mwenye nguvu na subira, si yule anayetaka kwenda kununua sari. Daktari akitikisa kichwa upande huu na huu usidhani amekataa, kwani huenda ndiyo "ndiyo" yake. Na mjamzito asimuulize mpimaji kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Sheria ya India ya 1994 inamkataza kusema, kwa sababu mimba za wasichana zilikuwa zikitolewa, na swali hilo linaweza kumtia mashakani.

BIMA NA KURUDI

Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Marekani haimdai mgeni wa kawaida, nako ndiko gharama huvunja mgongo. Hospitali za huko zenye chumba cha dharura haziruhusiwi kumfukuza mgonjwa mahututi, lakini ankara itakuja. Mama yule alikuwa na bima ya bei nafuu, na katika ukurasa wa nne iliandikwa kwamba haigharamii maradhi aliyokuwa nayo msafiri kabla ya kusafiri. Hakuna aliyefika ukurasa wa nne. Anza kusoma huko.

Ukipata homa ng'ambo ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mwambie daktari mara moja, "Nimetoka Kenya, nipime malaria." Wengi wao hawaioni kwa miaka. Na wanao wakija likizo ya Desemba, waambie kwamba kinga waliyokuwa nayo wakikua Kisumu au Busia hupungua wakikaa baridini, na watoto wao hawakuwa nayo kamwe. Wanahitaji tembe za kuzuia malaria na neti kama mgeni yeyote.

Ukirudi leta karatasi zote ulizopewa hospitalini, hata zile usizozielewa. Mama yule aliniletea zake ndani ya bahasha kubwa, kurasa 41, na nikagundua walimbadilishia tembe ya presha bila yeye kujua, akawa anakunywa ya zamani na mpya pamoja. Zote zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, kama nilivyomwagiza. Nje, bintiye mwingine alikuwa akimngoja na masanduku mawili ya zawadi, la pili likiwa limefungwa kwa kamba.